Sura ya Saba: Mazoezi Yako Ghorofani

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na katika hivyo vitatu boriti ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Mkoko haurefuki sana. Chumba kikawa na upana wa mita tatu hivi, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri wa karafuu, na aliyetaka nafasi zaidi ilimbidi apande juu. Ngazi nazo zikabanwa palipobaki: kali, zenye vipandio visivyolingana, giza saa saba ya mchana. Chini duka au ghala, juu watu. Mpangilio huo haujabadilika sana. Kikundi cha taarab, cha maigizo au cha kusoma kikitafuta chumba cha kodi nafuu leo hii, aghalabu hukipata juu, kwa kuwa vyumba vya chini vinavyotazama njia vimeshachukuliwa na wauza vinyago na nguo za watalii.

Kwa hiyo swali la nani anaweza kuwa mwanachama wa klabu ya starehe Unguja lilianza kujibiwa na waashi kabla ya kamati yoyote kukaa. Mji huu ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, jibu lile likawa gumu zaidi kubadilika, maana ukuta wa zamani haubomolewi ovyo ili kupitisha mteremko. Na ni kweli, haufai kubomolewa. Lakini hoja ya uhifadhi imekuwa kisingizio kizuri mno. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuja kutiwa umeme na lifti, na husemwa kuwa lifti hiyo ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki yote. Sehemu ya jumba hilo ilianguka siku ya Krismasi ya 2020, na mji mzima ukalia. Wazee wetu walijua kumpandisha mtu juu bila kumtoa jasho, ilimradi mtu huyo awe mkubwa wa kutosha. Na klabu ikipata chumba cha chini, ubao wa kuegesha penye kizingiti, unaowekwa saa kumi jioni na kuondolewa saa mbili usiku, haugusi jiwe lolote la urithi. Seremala wa Darajani anautengeneza kwa siku moja.

Hapo mtu wa klabu atasema juu ya mwanachama asiyetembea: tunambeba. Na kweli, wanambeba. Vijana wanne watakinyanyua kiti cha magurudumu na aliyekikalia, wakipanda huku wanacheka na kuelekezana: shika huko, polepole, kona hiyo. Mara ya kwanza ni shangwe. Mgeni akikuta tukio hilo ataandika nyumbani kwao kwamba Wazanzibari ni watu wema, na hatakuwa amekosea. Tatizo ni kwamba klabu ina mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki. Kubebwa mara moja ni ukarimu. Kubebwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni deni, na mdaiwa analijua kabla ya wadai. Ataanza kuchagua siku. Ataanza kuuliza nani watakuwepo. Atakwenda bila kunywa maji mchana kutwa, kwa sababu choo nacho kiko upande wa pili wa ngazi nyingine. Baadaye atakaa kwao, na klabu, bila ubaya wowote, itasema: "Mwenyewe siku hizi hataki."

Sina takwimu za klabu, wala sidhani kuna aliyezikusanya. Tunachokijua ni cha jumla zaidi: sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na ikakuta kwamba miongoni mwa wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, zaidi ya mmoja katika kila kumi ana ulemavu wa aina fulani. Chukua klabu yoyote yenye wanachama arubaini, uhesabu.

Klabu za taarab zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndizo klabu kongwe tulizonazo na ndizo zenye uwezo mkubwa zaidi wa kufanya jambo hili vizuri. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na vijana waliopenda muziki wa Misri, ule ambao Sayyid Barghash aliutamani hata akamtuma mtu Cairo kwenda kujifunza kupiga kanuni. Haikuwa bendi ya kuajiriwa. Ilikuwa jumuiya ya watu wenye kazi zao, waliokutana jioni kupiga udi, fidla, nai na dumbak kwa mapenzi tu, na baada ya zaidi ya karne moja sura hiyo bado ipo. Culture Musical Club ilizaliwa mwaka 1958 na nayo imeishi kwa moyo huohuo wa mtu kutoka kazini na kupitia mazoezini.

Muziki huu kwa kawaida yake hufundishwa kwa sikio. Fundi anapiga kipande, mwanafunzi anakirudia, anakosea, anakatwa kauli, anarudia tena. Maqamu, yaani mipangilio ya sauti, hayaoneshwi kwa kidole, yanasikika. Kwa asiyeona hii ni skuli iliyokuwa wazi kabla ya mtu yeyote kuanza kuzungumzia elimu mjumuisho, kama ilivyo madrasa, ambako asiyeona amekuwa akihifadhi Kurani tangu zamani, na kwenye maulidi hakuna anayeshangaa kumwona akiongoza. Misri yenyewe, ambako tulichukua mtindo, wasioona hawakuwa pembeni ya muziki. Sayed Mekawy alikuwa haoni, na alimtungia wimbo mwimbaji Umm Kulthum. Ammar El Sherei, aliyefariki 2012, alikuwa haoni tangu kuzaliwa, naye alipiga udi na kodiani na kutunga muziki wa filamu na tamthilia usio na idadi. Wazee wa Unguja waliokesha na redio ya Cairo walikuwa wakisikiliza kazi za watu hao, wengi wao bila hata kujua.

Kisha yakaja manoti ya muziki. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilianzishwa mwaka 2002, na kimefanya kazi ambayo siwezi kuisifia vya kutosha: vijana wa kike wanaopiga kanuni, ala za Kiarabu na ngoma za hapa zikifundishwa chini ya paa moja, mitihani, vyeti. Lakini mwalimu yeyote anayefundisha kwa karatasi anahamisha muziki kutoka sikioni kwenda jichoni. Mwanafunzi asiyeona, ambaye kwenye klabu ya kale angekuwa sawa na mwenzake tangu siku ya kwanza, anajikuta nyuma darasani kwa sababu ya karatasi. Dawa ipo, na ni ya zamani: Louis Braille alipochapisha mfumo wake wa nukta nundu mwaka 1829 aliutoa ukiwa na njia ya kuandikia muziki pia, maana yeye mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani. Ila nukta nundu za muziki zinataka mwalimu anayezijua na kifaa cha kuziandikia, na hivyo havipatikani kila mtaa. Wakati vinatafutwa, kurekodi kipande kwa simu na kumpa mwanafunzi akaende nacho nyumbani hakugharimu kitu, na kunawasaidia hata wanaoona. Maendeleo yakifunga mlango ambao ushamba uliuacha wazi, si vibaya kuurudia ushamba kidogo.

Mlango wa asiyeona ukiwa wazi, kuna jambo jingine la kutazama: anapewa kazi gani akishaingia. Nadhani hapa ndipo klabu nyingi hujidanganya. Mtu mwenye ulemavu hupewa kiti cha mbele, soda ya kwanza, na sifa nyingi kuliko anavyostahili. Akikosea kipande, hakuna anayemkemea. Mwenzake akikosea, kiongozi wa mazoezi anasimamisha watu wote: "We bwana, jana ulilala wapi? Rudia." Yeye anaambiwa: "Ahsante Maalim, umejitahidi." Mwaka mzima hivyo. Hatozwi ada kwa kuwa "tumemsamehe", na asiyetoa ada hana uso wa kusimama kwenye mkutano kuuliza fedha za onesho la Idi zimekwenda wapi. Anakuwa mgeni wa kudumu. Mimi, ningekuwa yeye, ningependa kukemewa.

Huruma hii ina mizizi. Tunalo neno la wahenga, hujafa hujaumbika, na tulifundishwa kulisema kila mtoto alipomcheka mtu anayechechemea. Lilitulinda dhidi ya kejeli, na halipaswi kutupwa. Lakini linamwelekea yule mzima: jihadhari, nawe waweza kuwa hivyo. Anayechechemea kageuzwa onyo kwa wengine, naye pengine alikuwa anakwenda zake kwenye karata. Ongeza mazoea ya sadaka ya Ijumaa, ambayo kwa vizazi yamemjulisha Mzanzibari na mtu asiyeona au asiyetembea kupitia mkono unaotoa na mkono unaopokea, na utaelewa kwa nini kamati nzima ya watu wema haijawahi kufikiria kumpa kazi ya mweka hazina yule kijana wa kiti cha magurudumu aliyesomea uhasibu.

Waliokataa uhusiano wa namna hiyo walijikusanya wenyewe. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ulianzishwa mwaka 1985, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Maalim Khalfan Hemed Khalfan, mwalimu ambaye jina lake lilikuja kujulikana katika harakati za watu wenye ulemavu barani. Baadaye zikaja jumuiya za wasioona, za viziwi, za wanawake wenye ulemavu, za watu wenye ulemavu wa akili. Zanzibar ilipata sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, miaka minne kabla ya ile ya Bara, kisha ikaiandika upya mwaka 2022. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo mwaka 2009, na kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja utamaduni, burudani, mapumziko na michezo kwa majina yake. Yaani starehe imo ndani ya haki. Nalisema kwa sababu wapo, hata maofisini, wanaoona kwamba mtu akishapata skuli, hospitali na kazi amemaliza, na kwamba kutaka pia kupiga udi ni kudeka.

Sasa twende kwenye mchezo wa bao.

Ukikaa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, jioni utaona klabu isiyo na usajili, katiba wala ngazi. Baraza, kahawa chungu, televisheni, ubao mmoja au mbao mbili, na watu wanaozungumza wote kwa pamoja. Bao letu lina mashimo 32 kwa safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi za kunamua. Kwa asiyetembea, mchezo huu hauna kikwazo chochote isipokuwa kimoja ambacho hakionekani mpaka ukae kucheza: ubao huwekwa chini, kwenye kigoda au kwenye baraza, na wachezaji huinama juu yake. Aliye kwenye kiti cha magurudumu yuko juu mno, na miguu yake iko mbele mno. Inabidi acheze ubavu, mkono mmoja ukiegemea, na baada ya michezo miwili mgongo unamshitaki. Meza ya kahawa yenye kimo cha goti lililokunjwa inamaliza shida hiyo. Wenye miaka sitini nao wataishukuru, ingawa hawatakubali kwamba ni kwa ajili ya magoti yao.

Kwa asiyeona mambo ni matamu zaidi. Kete zinashikika. Shimo lina kina, safu ina mwisho, na nyumba katika ubao wa Kiswahili huchongwa kwa umbo la mraba tofauti na mashimo mengine, kwa hiyo kidole kinaitambua. Kete za kila shimo zinahesabika kwa ncha za vidole. Kwamba akili inaweza kulibeba bao lote bila macho si jambo la kukisia: mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt, aliyetoa tasnifu yake juu ya ubingwa wa bao huko Leiden mwaka 1995 baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar, alichunguza pia uchezaji wa bila kuutazama ubao. Bingwa akiyafumba macho bado anaona kete zinakokwenda, raundi hadi raundi.

Kinachomzuia asiyeona, basi, ni adabu ya mchezo. Bao la mabingwa huchezwa kwa kasi; mkono unapita, kete zinalia, na mpinzani anatakiwa awe ameshaelewa. Asiyeona anahitaji mambo matatu: mpinzani ataje shimo analoanzia na upande anaokwenda, yaani kichwa gani cha safu; yeye apewe muda wa kupitisha vidole kwenye safu zote nne, zikiwemo za mpinzani, na mtu asiziguse kete ovyo wakati anapapasa. Kwenye chesi mambo haya yameandikwa. Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi duniani, zina kiambatisho kinachomhusu mchezaji asiyeona: anaweza kuwa na ubao wake wa pili wenye matundu ya kuchomekea kete na miraba ya giza iliyoinuliwa, na kila hatua inatajwa kwa sauti. Hakuna anayeona kwamba chesi imeshuka hadhi kwa hilo. Bao halina kiambatisho kama hicho, na halihitaji Geneva wala Lausanne ili kukipata. Linahitaji wazee watano wa Kikwajuni na Jang'ombe, wasioona wawili watatu wanaocheza, na jioni moja ya kubishana. Ubishi utakuwa mkubwa, hasa kwenye suala la kugusa safu ya mpinzani, na nataka niwepo.

Viziwi wana shida ya aina nyingine kabisa, kwa sababu klabu zetu zimejengwa kwa maneno. Baraza bila soga ni ukuta wa kukalia tu. Kiziwi akikaa Jaws Corner anaona bao vizuri kuliko wengi wetu, lakini utani unampita, na utani ni nusu ya mchezo. Anayetaka kujua kiziwi anategemea nini akumbuke kukatika kwa umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha kuanzia Desemba 2009 ikakaa tena miezi mitatu, waya wa chini ya bahari ukiwa umekufa. Sisi tulilalamika juu ya friji na feni, lakini mazungumzo ya barazani hayakukatika hata usiku mmoja. Pengine yalinoga zaidi. Mazungumzo ya mikono yalikatika pale jua lilipozama. Viziwi walitafutana penye kibatari au jenereta ya duka. Klabu inayotaka mwanachama kiziwi ianze na balbu, na wanachama wawili watatu wajifunze alama za kutosha kumtania na kutaniwa. Mkalimani ni wa mkutano mkuu. Kwenye karata kila siku huwezi kukaa na mkalimani.

Ndiyo maana huvutiwa na michezo inayoendeshwa kwa macho. Makachu pale Forodhani, wale vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani kwa mitindo yao, hupangana kwa kutazamana: nani kashika mwendo, nani anafuata, maji yamejaa kiasi gani. Hapo asiyesikia hapungukiwi kitu. Kwenye mpira wa viziwi mwamuzi hupunga kibendera, na hilo ndilo badiliko lote. Mpira wa wasioona ni kinyume chake: unachezwa na watu watano kwa upande, kipa anaona, mpira una njuga ndani, na watazamaji wanatakiwa wanyamaze kabisa mpaka bao lifungwe. Watazamaji wa Unguja, wanyamaze! Hapo nitakiri kwamba ujumuishi una mipaka.

Kuna ubishi wa zamani kama ni bora watu wenye ulemavu wawe na timu zao au waingie kwenye za wote. Timu zao zimeleta heshima: Tembo Warriors, timu ya taifa ya mpira wa wenye ulemavu wa miguu, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Istanbul mwaka 2022, wachezaji wa ndani wakikimbia kwa magongo mawili na kipa akidaka kwa mkono mmoja. Sijui mtu aliyewatazama akabaki na huruma. Watu walibaki na kelele. Kwa upande mwingine, Special Olympics hupanga timu za pamoja, wenye ulemavu wa akili na wasio nao kwenye jezi moja, na zoezi hilo limefika hadi viwanja vyetu. Kwa ushindani, naona timu zao. Kwa starehe, nataka ile ya mtaani, maana mtu hutaka kucheza karata na jirani yake, si na mwenye kasoro kama yake aliyetoka upande wa pili wa kisiwa.

Limebaki suala la safari, ambalo katiba za klabu hazilitaji na ndilo huvunja moyo kuliko yote. Kila klabu ya Unguja ina pikniki yake: Kizimkazi, Nungwi, Makunduchi siku za Mwaka Kogwa, na ikiwa na uwezo, Pemba kwa boti. Kamati hukodi daladala ya mbao, ile ya benchi mbili zinazotazamana na kipandio cha nyuma, kwa sababu ni rahisi na sufuria la pilau linakaa vizuri. Huko pwani, gari husimama penye lami na watu hushuka mchangani wakiwa pekupeku. Magurudumu hayaendi mchangani. Asiyetembea hukaa chini ya mkungu karibu na gari, akilinda viatu vya wenzake, na jioni huonekana kwenye picha ya pamoja, katikati, akitabasamu.

Kizimkazi kuna mahali ambapo lami inakaribia maji, na maji yakijaa mchanga unaobaki ni mwembamba. Anayepanga safari akitazama kalenda ya bamvua kabla ya kuchagua tarehe, akakodi gari lenye sakafu ya chini, ada ya kila mtu inapanda kwa shilingi elfu moja au mbili. Huo ni mjadala wa kamati ya fedha, na mjumbe wa kiti cha magurudumu awe ndani ya chumba ukijadiliwa, na chumba kiwe chini.